BARIDI YA PEKING

Mwezi wa Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere alikwenda China kwa mara ya kwanza. Alifika Peking, mji mkuu wa nchi hiyo. Siku hizi mji huo tunauita Beijing. Tarehe 20 mwezi huo Tanzania na China zilitia sahihi mkataba wa urafiki.

Urafiki huo baadaye ulizaa reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Urefu wake ni kilomita 1,860. Reli yetu ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ina kilomita 210. Basi TAZARA ni kama reli yetu mara 9 hivi.

Lakini leo somo letu si reli. Somo letu ni baridi. Mwalimu alifika Peking wakati wa baridi kali. Je, watu wa huko wanaishije katika baridi hiyo? Na sisi wa Katavi tunajifunza nini kwao?

Kwa nini kule kuna baridi?

Dunia inalizunguka jua huku imeinama kidogo upande mmoja. Kuanzia Desemba hadi Februari, upande wa kaskazini huwa umeinamia mbali na jua. Jua la huko huwa chini, na mchana huwa mfupi. Mwezi wa Desemba mchana wa Beijing ni saa 9 tu na dakika chache. Sisi wa Mpanda tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Kipupwe chetu cha Juni na Julai ni baridi ya kuvaa sweta tu.

Baridi hupimwa kwa digrii. Maji yakifika digrii 0 huganda, yakawa barafu. Usiku wa Februari, Beijing hufika digrii 5 chini ya sifuri, na mara nyingine zaidi. Maziwa yaliyomo mjini huganda, na watu hutembea na kuteleza juu yake. Wakati mwingine theluji huanguka juu ya majumba ya kale ya wafalme. Majumba hayo yalijengwa kati ya 1406 na 1420, na mpaka leo yapo.

Watu hujiandaaje?

Katika miezi hiyo ardhi ni ngumu kama jiwe. Shambani hakuoti kitu. Asiyejiandaa mapema atapata taabu. Wenzetu wa huko walijiandaa kwa mambo matatu.

La kwanza ni nguo. Walishona makoti na suruali za vitambaa viwili, na katikati wakajaza pamba.

La pili ni chakula. Mwezi wa Novemba, kabla baridi haijakaza, kila nyumba ilinunua kabichi nyingi sana. Walizipanga vizuri na kuzifunika, wakazila kidogo kidogo mpaka baridi iishe.

La tatu ni moto. Vijijini, hata karibu na Beijing, watu walijenga kitanda cha matofali. Moshi na joto la jiko hupita chini ya kitanda, kisha hutoka nje kwa bomba. Wakulima wa tumbaku mtaelewa upesi: ni kama bani, moto uko nje na joto linaingia ndani. Siku hizi nyumba nyingi za mjini hupata joto kutoka kwenye mabomba ya maji ya moto.

Somo la kwanza kwetu: moshi utoke nje

Kwa nini wenzetu waliweka bomba? Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala haisikii. Kule China iliua watu wengi waliolala na jiko la makaa ndani.

Hata kwetu hatari hiyo ipo. Usiku wa kipupwe, au mama anapojifungua, tunaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Tunadhani tunampa mtoto joto, kumbe tunampa sumu. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefifia. Mama na mtoto wapewe blanketi na nguo nzito. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kutapika karibu na jiko, atolewe nje upesi apate hewa safi, kisha apelekwe zahanati au hospitali.

Somo la pili: akiba

Mwalimu alisifu hadharani jinsi watu wa China walivyobana matumizi. Hawakutumia ovyo kidogo walichokuwa nacho. Anayejua kwamba siku ngumu zinakuja hawezi kula vyote leo.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna miezi yetu migumu. Januari na Februari mahindi bado yako shambani, na vihenge vingi ni vitupu. Wengi wetu tuliuza karibu yote wakati wa mavuno, bei ilipokuwa ya chini. Sasa tunanunua debe kwa bei ya juu, pengine ni mahindi yetu wenyewe! Tuhesabu kwanza: nyumba yangu inakula madebe mangapi kwa mwezi? Ni miezi mingapi mpaka mavuno? Tuweke hayo pembeni, na mbegu pia. Yanayobaki ndiyo ya kuuza.

Maswali

1. Mwalimu Nyerere alifika Peking mwezi gani na mwaka gani?
2. Maji huganda yakifika digrii ngapi?
3. Kwa nini jiko la mkaa halifai kulala nalo chumbani?
4. Nyumba inakula madebe 2 ya mahindi kwa mwezi. Iweke madebe mangapi kwa miezi 11?
5. Jadilianeni: ni nani nyumbani anayeamua mahindi mangapi yauzwe? Je, mpishi huulizwa?