UMEAPA KUACHA POMBE MARA NGAPI?

Kijana mwenzangu,

Umepewa karatasi hii na mtu usiyemjua. Pengine umekuja mkutanoni kwa ajili ya muziki tu, au ulikuwa unapita kwenda grosari. Hatukulaumu. Ila tafadhali usiitupe, wala usiifungie karanga, kabla hujaisoma mpaka mwisho.

Tunakuuliza swali moja. UMEAPA KUACHA POMBE MARA NGAPI? Uliapa asubuhi ile ulipoamka simu haipo, kiatu kimoja hakipo, na malipo ya wiki nzima yameishia kwenye ofa za watu ambao hata majina yao huyajui. Uliapa mbele ya mama, naye akaamini. Ukakaa siku nne, labda kumi. Halafu ikaja Ijumaa, mshikaji akakuita, ukasema "moja tu".

Je, wajua kwamba Biblia inamfahamu mtu huyo? Soma Mithali 23, mstari wa 29 mpaka wa 35. Utamkuta ana macho mekundu na majeraha ambayo hajui ameyapata wapi. Anapozinduka, wazo lake la kwanza ni kuitafuta tena! Zamani zile hapakuwa na bia ya baridi, lakini kuzimua kulikuwapo.

JIPIME BILA KUJIDANGANYA

Mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne mafupi ambayo madaktari wanayatumia hata leo. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze kunywa? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya kunywa kwako? Je, umewahi kujisikia vibaya au kuona hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi, mara tu ulipoamka, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana? Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, una jambo la kuangaliwa. Hapo humjibu mchungaji, unajijibu mwenyewe.

Utasema, "Basi nitapunguza, nitakunywa mbili tu." Wapo wanaoweza. Lakini kama umeshaijaribu hesabu hiyo mara tano ikakushinda, basi unajua kwamba ile ya pili ndiyo inayoagiza ya tatu. Kwa mtu wa namna hiyo sisi tunasema wazi: acha kabisa. Wala usianze kubishana nasi habari za divai ya harusi ya Kana. Siku ile hakuna aliyeuza godoro la mkewe.

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, na tulishukuru. Lakini ni karatasi ya plastiki iliyopigwa marufuku, siyo kiu. Kiu ilibaki ndani ya mtu.

MTU MMOJA ALIYEPIGA SIMU

Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Bill Wilson, alisimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron. Alikuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934 baada ya miaka mingi ya ulevi wa kutisha. Sasa biashara iliyompeleka Akron imeharibika, yuko mji wa ugeni, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja wa ukumbi ipo baa, watu wanacheka. Upande mwingine ipo simu na orodha ya makanisa ya mji.

Wewe unaijua saa ile. Kila mlevi anaijua.

Bill akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji asiyemfahamu, akaomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Sikia hilo vizuri: hakutafuta mtu wa kumhubiri, alimtafuta mlevi mwenzake! Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Daktari huyu alikuwa amehudhuria ibada za kundi moja la Kikristo zaidi ya miaka miwili, akasali, akasoma, na bado alikuwa analewa. Alikubali kuonana na mgeni kwa dakika 15 tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Kwa mara ya kwanza alikutana na mtu aliyeujua ulevi kwa kuuonja, siyo kwa kuusikia.

Je, aliacha siku ile ile? Hapana. Alikaa wiki chache, akasafiri kwenda mkutano wa madaktari, akaanguka tena vibaya. Wakamwinua. Tarehe 10 Juni 1935 alikunywa kwa mara ya mwisho, na hakurudia mpaka alipofariki mwaka 1950. Kutoka kwa watu hao wawili vikaanza vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo leo viko katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Wale si kanisa, wala hawamhubiri Yesu kama sisi. Lakini jambo moja wamelishika kuliko makanisa mengi: mlevi hapigani peke yake.

Tunasema hivi kwa aibu kidogo. Tumewaona vijana wakija mbele jukwaani, wakalia, wakaombewa, wakaokoka kweli kweli. Jumatatu wamerudi peke yao kwenye chumba kile kile, na hakuna mmoja wetu aliyekwenda kuwagongea mlango. Ijumaa wameanguka, halafu sisi tunasema "hakuokoka vizuri". Hilo ni kosa letu, tunalikiri.

WATU WANNE

Soma Marko 2. Mtu aliyepooza alifikaje kwa Yesu? Alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari! Na Biblia inasema Yesu aliiona imani YAO. Yeye mwenyewe hatuambiwi alisema neno lolote.

Na wewe tafuta wanne. Wa kwanza awe mtu aliyewahi kulewa akaacha. Mwulize usiku wake ulikuwaje, atakuambia. Wa pili awe mtu wa nyumbani, mama au dada, na huyo umkabidhi pesa siku ile ile unayolipwa, pamoja na zile za kwenye simu, kabla jua halijazama. Usiseme "nitajizuia". Mtu asiye na nauli ya kwenda baa amejizuia tayari. Wa tatu awe wa kukaa nawe Ijumaa na Jumamosi jioni, maana saa zile ukizibakiza tupu zitajazwa. Njooni kanisani mazoezi ya kwaya, chezeni mpira, lolote lile. Na njia ya kurudi nyumbani badilisha, hata kama ni ndefu zaidi.

Wa nne ni daktari. Hapa tusikilizane sana. Kama umekuwa unakunywa kila siku kwa muda mrefu, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate, USIKATE GHAFLA PEKE YAKO. Ndani ya siku chache za mwanzo mwili unaweza kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka degedege, hata kufa. Mama unayesoma hii, usimfungie mwanao chumbani ukisema ni pepo. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, zipo dawa za kumvusha siku hizo, nasi tutakuja kumwombea hapo hapo kitandani. Kwenda hospitali si kukosa imani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Ukianguka, mpigie mmoja wao usiku ule ule. Usingoje upate nafuu ili uonekane msafi. Shetani anapenda sana ile wiki ya kujificha.

SASA JE?

Yesu yuko tayari usiku huu, hata kama umekunywa kabla ya kuja. Sema naye kwa maneno yako, au tumia haya:

Bwana Yesu, nimeapa nikashindwa. Sina nguvu, na nimechoka kudanganya watu. Nisamehe dhambi zangu, ingia moyoni mwangu, unitoe katika kifungo hiki. Nipe na watu wa kunibeba, nami nisiwafiche kitu. Amina.

Kama umeomba hivyo, usiondoke uwanjani kimya kimya. Pembeni mwa jukwaa wapo wahudumu, na baadhi yao walikuwa walevi kuliko wewe. Waambie, "Nimetumwa na karatasi." Wataelewa. Kisha azima kalamu, ujaze hapa chini kabla hujapanda daladala:

Nitakayemwambia leo hii ni: ______________________