«Masi» mbili: neno la karakana na redio iliyoungua

Sisi watu wa isimu tumezoea kusema kwamba muktadha huondoa utata wa neno. Hapa Bunia nimeona muktadha ukiuleta, na redio ya kwaya yetu ikaungua.

Ilikuwa redio ya gari, imefungwa ndani ya sanduku la mbao na kuendeshwa na betri ya volti 12. Haikuwa na tundu la kutolea sauti kwenda ampli, ila nyaya za spika tu. Tulitaka kuiunganisha na ampli ya nje, yenye kutumia betri ileile. Fundi aliniuliza waya hasi wa spika uende wapi. Nikajibu kwa uhakika wa mwanafunzi: «Fundi, unga masi na masi.» Akaunga. Moshi ukatoka.

Neno hili tumelikopa katika Kifaransa, masse: sehemu ya pamoja ya mkondo wa umeme, ambayo mara nyingi imeshikana na bati la chombo. Ndani ya gari, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo masi na hasi ni kitu kimoja. Nadhani hapo ndipo maana ilipopanuka: mafundi niliozungumza nao huita masi kila waya hasi, hata wa spika. Kwa redio nyingi za zamani hilo halikudhuru, maana waya huo kweli ulifika kwenye bati.

Redio nyingi za gari za sasa ni tofauti. Kila spika ina ampli mbili ndani, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta. Spika hupata volti maradufu, yaani nguvu mara nne, kutoka betri ileile. Lakini nyaya zote mbili ni hai. Kila mmoja unakaa karibu volti 6 juu ya bati. Hasi hapo ni jina la upande tu. Ukiuunga na masi ya ampli, unaichoma redio.

Mita inatambua kile ambacho neno linaficha. Washa redio, punguza sauti, pima kati ya waya hasi wa spika na bati. Ikisoma 0, ni masi kweli. Ikisoma karibu 6, usiguse.

Tena volti za spika, 8 hivi sauti ikiwa kubwa, ni nyingi mno kwa ingizo la ampli. Weka rezistansi ya omu 10,000 kwenye waya chanya, kisha ya omu 1,000 kutoka mwisho wake hadi waya hasi: volti zinagawanywa kwa 11, inabaki karibu 0.7. Baada yake weka transfo ndogo ya sauti, moja kwa kila upande, ili sauti ivuke bila waya wa redio kugusana na ampli. Redio yenye tundu la hedifoni haihitaji haya yote. Anza kwa kulitafuta.

Juzi nilimsikia fundi yuleyule akimsahihisha kijana wake: «Hiyo si masi, ni hasi ya spika.» Kwaya bado inanidai redio.