DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mawe ya ziwani na ugumu wa moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Leo darasa letu liko nje ya msikiti, kwenye mawe ya ziwa letu.

Ukiwa ufukweni Bukoba mjini, hebu tazama kisiwa cha Musira. Sisi tumekizoea, hata hatukioni tena. Mgeni akifika, kuta zile za mawe ndizo anazozipiga picha kwanza. Ukielekea Muleba kwa njia ya Kemondo na Muhutwe, kisha ukapanda Kamachumu, mawe ni ya namna hiyohiyo: miamba imekatika wima, tabaka juu ya tabaka, hapa peupe, pale pekundu kama kutu, kwingine peusi. Katika Surat Faatir, aya ya 27, Allah ametutajia milima yenye mistari myeupe, myekundu na meusi tititi. Na aya inayofuata inatufundisha kwamba wanaomcha Allah kikweli ni wenye elimu. Kwa hiyo tujifunze kidogo.

*Jiwe letu limeumbwaje?*

Ni jiwe la mchanga. Chembe za mchanga zilirundikana, zikagandamizwa, zikashikana mpaka zikawa mwamba, muda mrefu sana kabla ziwa hili halijakuwapo. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kama Bahari ya Hindi. Kinachochonga miamba yetu ni mawimbi ya upepo pamoja na mvua, na Bukoba tunapata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanaingia kwenye ufa na kulegeza chembe. Wimbi linabeba mchanga na kokoto, linasugua chini. Tabaka laini linaliwa kwanza, gumu linabaki limening'inia kama kibaraza. Ndiyo yale mapango unayoyaona. Siku ikifika, kibaraza kinaelemewa na kuporomoka. Yale mawe makubwa yaliyolala chini ya miamba, zamani yalikuwa juu.

Kwa wenzetu Mwanza jiwe ni granaiti, nalo hubaki mabonge ya mviringo kama lile Jiwe la Bismarck. Unguja ni mawe ya matumbawe, bahari inayala chini mpaka mengine yanasimama kama uyoga. Kila jiwe lina umbo lake, lakini hakuna hata moja lililoshindana na maji likashinda.

*Sasa tuje kwenye moyo*

Surat al-Baqara, aya ya 74, inakuja baada ya kisa cha mtu aliyeuawa, watu wakawa wanatupiana lawama, mpaka Allah akawadhihirishia waliyoyaficha. Wameona ishara kwa macho yao, na bado nyoyo zikawa ngumu kama mawe, au zaidi ya mawe. Kisha Allah anayatetea mawe! Yapo yanayobubujika mito. Yapo yanayopasuka yakatoa maji. Na yapo yanayoanguka kwa kumwogopa Allah.

Ndugu yangu, hayo yote tunayo hapa Kagera. Ni vijiji vingapi vinachota maji kwenye chemchemi inayotoka chini ya mwamba? Na kuhusu kuanguka, nani amesahau tarehe 10 Septemba 2016? Tetemeko la ukubwa wa 5.9, sekunde chache tu, nyumba chini, watu wakapoteza maisha. Ardhi tuliyoiona ngumu ilitikisika kwa amri ya Mola wake.

Basi jipime. Kuna mtu moyo wake ni mto, anatoa bila kuombwa. Kuna mwingine ni ufa mdogo, anatoa kidogo, lakini anatoa. Na kuna asiye na cha kutoa, ila akikumbushwa anaanguka kwa kutubu. Wote watatu wako salama kuliko yule asiyetoa kitu na asiyeanguka.

Tuambizane ukweli. Wapo ndugu wa tumbo moja, vibanja vyao vinapakana, na hawajasalimiana tangu mzee azikwe. Ugomvi ni mpaka, hatua mbili tatu za migomba. Kila mmoja anafunga, kila mmoja yuko safu ya mbele kwenye tarawehe. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, waja wakasamehewa, isipokuwa wawili wenye uadui baina yao: hao husubirishwa mpaka wapatane. Jamani, unaamka daku, unashinda na njaa, halafu msamaha wako unasubiri kwenye mpaka wa migomba!

Usiseme moyo wangu hauwezi kulainika. Mwamba wa Musira haukuchongwa na wimbi moja. Na Mtume (s.a.w.) ametuambia amali anazozipenda Allah zaidi ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Ila kuna tofauti moja: jiwe halina hiari, wimbi linalipiga tu. Wewe Qur'ani inakufikia kila usiku, na unaweza kuamua kuiziba masikio.

*Kazi ya leo*
1. Soma al-Baqara aya ya 67 hadi 74 pamoja na tafsiri yake.
2. Kabla ya magharibi, mpigie simu ndugu mliyenuniana. Mpe salamu tu, habari ya mpaka iache kwanza. Asipopokea, jaribu tena kesho.
3. Ukiweza, mpelekee futari. Hata sahani moja ya ndizi inatosha.

Ewe Allah, zilainishe nyoyo zetu kwa utajo Wako, utupatanishe na ndugu zetu kabla mwezi haujaisha, na uwarehemu wazee wetu waliotuachia ardhi hii. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Ukijua ana ugomvi na nduguye, usimtumie, mwendee mwenyewe mkae mzungumze.