Mjane na Yatima wa Mlinzi Aliyeuawa Kazini

Kusudi la fundisho: Wakristu wajue ya kuwa kumsaidia mjane na watoto wa mtu aliyeuawa akilinda wenzake si sadaka tu, ni deni la haki.

I. Habari

Siku ya Ijumaa, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi wa Mbuga ya Virunga, katika Kivu ya Kaskazini, walikuwa njiani wakirudi Rumangabo. Wakakuta gari la raia likishambuliwa na watu wenye bunduki. Hawakugeuza njia. Walikwenda kuwatetea raia wale, nao wakauawa: walinzi 12 na dereva mmoja, pamoja na raia 4. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1925, na katika kuilinda wameuawa walinzi zaidi ya 200. Wengi wao walizaliwa katika vijiji vya jirani, wakaacha wake na watoto.

Ilikuwa Ijumaa ya juma la pili la Pasaka. Katika Misa ya siku hiyo, Injili husimulia jinsi Bwana wetu Yezu Kristu alivyowalisha watu elfu tano (Yoane 6, 1-15). Watu walipokwisha kushiba, aliwaagiza wafuasi wake wakusanye vipande vilivyosalia, visiharibike. Bwana aliyehangaikia makombo ya mkate, je, hatahangaikia watoto wa mtu aliyewaletea mkate nyumbani, naye hakurudi tena?

II. Mafundisho ya Maandiko Matakatifu

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme (4, 1-7) twasoma habari ya mama mjane. Mume wake alikuwa mtu wa Mungu, akafa, akaacha deni. Mwenye kuwia akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mama akamlilia nabii Elisha. Nabii hakumpa maneno matupu ya faraja. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ndogo ya mafuta. Basi, nabii akamtuma kuazima vyombo kwa majirani, vyombo vingi. Mafuta yakavijaza vyote. Mama akauza, akalipa deni, akaishi na watoto wake kwa fedha iliyobaki.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, nabii alianza na kile ambacho mama alikuwa nacho. Pili, majirani hawakuwa matajiri. Walitoa vyombo vyao tu, na bila vyombo vile mafuta yangekosa mahali pa kuwekwa. Tatu, mama hakuachwa kuwa mwombaji maisha yake yote; alipata njia ya kujilisha.

Mfano kama huo ulionekana Rumangabo. Huko wajane wa walinzi walifunguliwa karakana ya kushona. Cherehani ilikuwa kwao kama chupa ile ya mafuta: mama alipata ujira kwa kazi ya mikono yake, akalea watoto wake bila kuona haya.

III. Kwa nini ni deni

Mlinzi wa mbuga, na askari polisi vilevile, hupewa kazi ya kusimama mahali ambapo wengine hukimbia. Watu hulala kwa sababu yeye yu macho. Akiuawa, hasara yote huangukia nyumba moja, lakini faida ilikuwa ya wote. Haki yadai hasara nayo ichukuliwe na wote.

Wengine husema: «Askari yule alitunyang'anya fedha barabarani, mke wake naye ateseke.» Ni kweli, wako askari waliowaonea watu, na dhambi hiyo isifichwe. Lakini nabii Ezekieli (18, 20) afundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Mtoto asiye na ada ya shule hakumnyang'anya mtu yeyote.

Wengine husema: «Serikali italipa.» Ni wajibu wa Serikali kulipa, na Wakristu waidai ilipe. Lakini karatasi hukawia, na mtoto hali karatasi.

IV. Mambo ya kutenda

1. Kutonyang'anya. Mara nyingi mwizi wa kwanza wa mjane ni jamaa ya marehemu. Matanga hayajaisha, nao wamekwisha kuchukua kitanda, mabati na shamba. Sheria ya Jamaa ya Congo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawapa watoto robo tatu za urithi wa mzazi wao, na yampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Tena mjane asilazimishwe kuolewa na ndugu wa marehemu. Ndoa bila hiari si ndoa.

2. Kuandikisha. Mama asiye na cheti cha ndoa hukosa neno mbele ya mwandishi wa Serikali. Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi mbele ya sheria ya nchi. Ndoa ya kimila nayo yapasa kuandikishwa. Mtoto aandikishwe kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa. Haya ni kazi ya baba angali hai.

3. Kusindikiza. Mtu anayejua kusoma vizuri amfuate mjane ofisini, asije akaweka kidole chini ya karatasi asiyoielewa.

4. Kudumu. Siku ya maziko nyumba hujaa watu. Mwezi wa sita haji mtu. Mitume walipoona wajane wengine wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, waliweka watu saba kwa kazi hiyo (Matendo 6, 1-6). Jumuiya nayo iweke watu wenye majina yanayojulikana: huyu wa ada ya shule, huyu wa kulima, huyu wa kutengeneza paa.

Maulizo

1. Elisha alimwuliza mjane neno gani, na kwa nini?
Alimwuliza ana nini nyumbani, kwa kuwa alitaka kumwinua kwa kazi yake mwenyewe.

2. Ni nani wanaodaiwa na nyumba ya mlinzi aliyeuawa?
Wote waliolindwa naye.

3. Msaada wa kwanza ni upi?
Kutomnyang'anya mjane mali iliyo haki yake na ya watoto wake.

Azimio: Juma hili kila jumuiya ihesabu wajane wa walinzi na askari walio katika kijiji chake, ikamwulize kila mmoja amepungukiwa na nini.

Sala: Ee Mungu, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, uwapumzishe kwa amani waliokufa wakiwalinda wenzao. Utujalie tusisahau nyumba zao matanga yakiisha. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.