Safari ya Mwezi Mmoja kwa Hadithi Moja



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu katika Uislamu, wengi wetu tunaokaribia kumaliza shahada ya kwanza tunatamani kuendelea na uzamili. Tunaulizana ada italipwa na nani. Ni swali la haki. Lakini liko jingine: tukishapata nafasi hiyo, tutaitumiaje?

Imam Bukhari ametupokelea kisa katika Al-Adab al-Mufrad. Jabir bin Abdillah (R.A.) alipata habari kuwa Swahaba mwenzake ana hadithi ambayo yeye hakuisikia kwa Mtume (S.A.W.). Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima hadi Sham, mlangoni kwa Abdullah bin Unais (R.A.). Wakakumbatiana. Jabir akaeleza kilichomleta: alichelea mmoja wao asije akafa kabla yeye hajaisikia hadithi ile.

Kwa mtafiti anayeanza, kisa hiki kina mafunzo manne.

Kwanza, nenda kwenye asili. Habari ilikwishamfikia Jabir, lakini hakutosheka nayo mpaka alipomfikia mwenyewe. Sisi huona rejea katika kitabu cha mtu, tukaihamishia kwenye kazi yetu kana kwamba tumekisoma kile kitabu cha asili. Wanazuoni wa hadithi wana jina la mpokezi anayemficha aliyemsikia na kuonyesha kama amesikia kwa wa juu yake: hiyo ni tadlisi. Kama umekipata kwa mwingine, sema umekipata kwake.

Pili, uwe na swali moja. Jabir alijua anachokitafuta. Ukienda kwa msimamizi wako na mada pana kama "Uislamu na elimu", atakuhurumia tu. Nenda na swali lililo wazi na kurasa mbili ulizoandika, hata kama hazijakaa sawa. Kurasa mbovu husahihishika. Ukurasa mtupu hausahihishiki.

Tatu, usiahirishe. Jabir alihesabu kuwa mauti yanaweza kumtangulia. Muda wa uzamili huisha upesi, na anayengoja amalize kusoma ndipo aanze kuandika humaliza muda kabla ya kuanza. Andika kidogo kila wiki, na kila unaponukuu, weka jina la kitabu na ukurasa papo hapo.

Nne, na ndilo zito zaidi, tazama hadithi yenyewe ilihusu nini. Ilihusu kisasi cha Siku ya Kiyama: kwamba hata mtu wa Peponi hataingia ilhali anadaiwa haki ya mwenziwe, japo iwe ni kofi moja. Basi vipi aya nzima ya jasho la mwenzio uliyoitia jina lako? Vipi tasnifu uliyomlipa mtu akuandikie? Chuo kinaweza kisigundue, ukavaa joho na kupigwa picha na wazazi. Deni litabaki.

Ndugu yangu, dada yangu, kama una kazi mkononi yenye maneno ya mtu usiyemtaja, ifungue leo umtaje. Ni rahisi kulipa hapa kuliko kule.

Wabillahi tawfiq.