Mvua ya Masika, Paa la Shule na Somo la Kompyuta

Kila masika, kati ya Machi na Mei, wakazi wa Mtoni huutazama Mto Kizinga kwa matumaini na kwa hofu. Mto huo ndio unaoupatia maji mtambo wa Mtoni, na ndio huo huo unaowanyima usingizi wenye nyumba za mabondeni. Kwa mwalimu wa Hisabati au Sayansi anayefundisha Darasa la Tano hadi la Saba, mvua hiyo ina faida nyingine: inaweza kuwafundisha wanafunzi kuandika programu, hata pale ambapo shule ina kompyuta chache au haina kabisa.

Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyopangwa kwa mfuatano, yanayotekelezwa neno kwa neno na mashine isiyojua kukisia. Ugumu wa kuyaandika hauko kwenye kubonyeza vitufe. Uko katika kueleza jambo zima bila kuacha pengo, na hapo ndipo hesabu za darasani zinapohusika.

Kazi huanza kwa kutengeneza kipima mvua. Chupa kubwa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka hukatwa sehemu ya juu, kisha kipande hicho hupinduliwa na kuwekwa kama faneli. Kokoto huwekwa chini ili chupa isiangushwe na upepo, na maji humiminwa hadi yazifunike, kufikia alama ya sifuri. Rula hubandikwa ubavuni kuanzia alama hiyo. Kipimo husomwa saa 3:00 asubuhi kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, na kuandikwa daftarini kabla ya maji ya mvua kumwagwa.

Hatua inayofuata ni kanuni moja ambayo wanafunzi wengi huifurahia wakishaielewa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mwalimu asiitoe kama jambo la kukariri. Sentimita 100 zizidishwe kwa sentimita 100, kisha kwa sehemu ya kumi ya sentimita. Jibu ni sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja. Basi paa linalofunika urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina eneo la mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 25, paa hilo hupokea lita 1,000. Yapo maji yanayoruka pembeni na mengine yanayokauka juu ya bati, hivyo mwalimu anaweza kuanza na kadirio la kupunguza sehemu ya tano. Zinabaki lita 800, sawa na ndoo 40 za lita 20. (Urefu na upana hupimwa ardhini, chini ya kingo za paa. Kupima bati lenyewe kwa mteremko wake huongeza eneo ambalo mvua haikulipata.)

Sasa wanafunzi waandike maagizo hayo kwa Kiswahili, agizo moja kwa mstari. Uliza urefu. Uliza upana. Zidisha, hifadhi jibu kwa jina “eneo”. Uliza milimita za mvua. Zidisha kwa eneo, punguza sehemu ya tano, hifadhi kwa jina “lita”. Kama lita zinazidi ujazo wa tangi, sema “maji yatamwagika”. La sivyo, taja lita. Mwanafunzi mmoja awe kompyuta: atekeleze alichosomewa tu, hata kama ni upuuzi.

Upuuzi huo hautakosa kutokea, na ndio kiini cha somo. Kundi lililopima paa kwa sentimita litaingiza 800 na 500, na programu itajibu lita milioni 8 kwa mvua ile ile ya milimita 25. Tangi la lita 5,000 lingejaa mara 1,600. Kompyuta haitashangaa, kwa sababu haikuambiwa ishangae. Ni mwanafunzi anayepaswa kutilia shaka jibu, arudi nyuma mstari kwa mstari na kugundua kwamba vizio havikulingana. Alama ya kosa kwenye daftari la hesabu mara nyingi hufunga mjadala. Kosa ndani ya programu huufungua.

Wazo hili si geni. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon nchini Marekani kubuni lugha ya Logo mwaka 1967, ili watoto wajifunze hisabati kwa kuiamuru kompyuta. Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na taasisi ya MIT, inafuata njia hiyo. Haina malipo, ina toleo la Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Maagizo yaliyoandikwa daftarini huhamishiwa humo kwa kupanga vipande vya rangi.

Pale wanafunzi watano wanapotumia kompyuta moja, mara nyingi anayeshika kipanya ni yule yule, na wengine hubaki watazamaji. Zamu ya dakika chache kwa kila mmoja, ikisimamiwa kwa saa, ni lazima, hasa kwa wasichana, ambao husukumwa nyuma mapema. Bila zamu hizo, somo litawanufaisha wale tu waliokuwa na ujasiri tangu mwanzo.

Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza ujuzi kuliko kukariri, na kazi ya namna hii inaingia humo bila kuhitaji kipindi kipya kwenye ratiba.

Darasa litakaloanza kupima Machi 1 litakuwa na vipimo vya siku 92 ifikapo Mei 31. Wanafunzi wataweza kuiagiza programu ipite siku moja baada ya nyingine, iongeze maji yaliyoingia, ipunguze yaliyotumika kufanyia usafi wa vyoo, na ihesabu ni siku ngapi tangi lilifurika na ni ngapi lilikauka. Watabadilisha ujazo wa tangi na kuiendesha tena. Jibu lao ni hesabu ambayo kamati ya shule inaihitaji kabla ya kununua tangi.