Hofu Ikiondoka, Bidii Itatoka Wapi?

Wako wanaosikiliza, siku hizi kwa simu, maneno yaliyofichwa chini ya muziki ili wajirekebishe. Kisha hulalamika: hofu imepungua, na bidii nayo imekwenda.

Mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake, huko Marekani, walitangaza jaribio lao. Walibadilisha vibandiko vya kanda za kumbukumbu na za kujiamini. Baadhi yao walidhani wamesaidiwa kwa jambo lililoandikwa kwenye kibandiko! Vipimo havikuonyesha kazi yoyote ya maneno yale.

Basi tusiilaumu sauti. Sisi walimu vijana tuliandika maandalio ya somo kwa kumwogopa mkaguzi, alipoondoka, tuliacha. Tulianza tena tulipoona watoto wanakwama kwenye kugawanya.